Mgeni Asiyekalishwa Kwenye Moshi

Jiko lenye hewa safi kuliko majiko yote kumi na mawili yaliyopimwa Sigino lilikuwa la mama yangu. Namba niliiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, katika safu ya nne ya fomu, na mtaalamu wa mradi aliisoma mara mbili kutoka kwenye kompyuta yake ili nisikosee. Mama alikuwa amekaa hatua nne kutoka tulipokuwa, kwenye kigoda chake, anakohoa.

Alianza kukohoa tulipofika na hakuwa amemaliza. Mtaalamu alisubiri kwa adabu mpaka kikohozi kikapita, kisha akasema, "Hongera, mama. Hewa ya jiko lako ni safi kuliko ya ofisi yetu."

Mama akasema asante.

Itabidi nirudi nyuma kidogo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa msomaji wa matangazo katika redio moja ya hapa Babati. Nilisoma vifo, mbuzi waliopotea na bei za mazao, kwa mpangilio huo. Redio ilipopunguza watu nilipunguzwa, nikabaki na pikipiki, daftari, na tabia ya kuuliza swali moja mara mbili kwa watu wawili tofauti. Kwa hiyo ulipokuja mradi wa kupima moshi, ukitafuta mtu anayezijua kata za mji na mwenye mwandiko unaosomeka, walinichukua. Mke wangu alifurahi. Aliwaambia wenzake huko Bagara, tunakoishi, kwamba sasa nafanya kazi ya hewa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kipimo kimoja kilifungwa juu ya paa la jengo karibu na stendi, kupima hewa ya mji: malori, tanuri za matofali, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, na mashamba yanayochomwa kabla ya mvua, ambayo moshi wake asubuhi hulala chini ya Mlima Kwaraa mpaka jua lipate nguvu. Vingine kumi na viwili, vyeupe, vyenye ukubwa wa redio ndogo, vilipangwa kufungwa kwenye majiko ya kuni huko Sigino kwa siku tatu. Majiko matatu yatakayoonekana na moshi mzito zaidi yangebomolewa na mahali pake kujengwa jiko la udongo lililofunikwa, lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Wengine wangesubiri awamu ya pili. Tarehe ya awamu ya pili haikuwepo kwenye karatasi yoyote niliyopewa.

Nyumba zilichaguliwa kwa kura, karatasi zikiwa ndani ya kofia ya mwenyekiti wa mtaa. Nyumba ya mama ilitoka ya tano. Ya jirani yake, ambaye wametenganishwa na ua wa mnyaa tu, ilitoka ya sita. Nilimwambia mtaalamu kwamba ya tano ni ya mama yangu mzazi. Alifikiri kidogo, akasema kura ni kura.

Sikuonyesha furaha, lakini nilikuwa nayo. Mama alikuwa anakohoa tangu mvua za mwaka juzi. Nilikuwa nimempeleka zahanati, halafu hospitali, na daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akamuuliza amevuta sigara kwa miaka mingapi.

"Sigara nimeshika mara moja," mama akasema. "Nilikuwa namwashia marehemu mume wangu, alikuwa na jeraha mkononi."

Daktari aliniita pembeni. Aliniambia mapafu yake yamechoka, hayatarudi yalivyokuwa, na kinachoweza kufanyika ni kuyapunguzia mzigo. Akiendelea na moshi ule, alisema, nisishangae siku moja akishindwa kupanda kutoka kisimani. Nilimuuliza ni moshi kiasi gani anaruhusiwa. Akasema hakuna kiasi.

Msomaji atauliza kwa nini sikumjengea jiko la bomba mimi mwenyewe. Nilijaribu. Fundi alifika na udongo wake, akapewa chai, akarudishwa. Kabla ya hapo nilimnunulia gesi. Mtungi uko sebuleni hadi leo, umefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na juu yake pameegemezwa picha ya Kipaimara ya mdogo wangu. Mama alieleza msimamo wake mara moja tu na hakuurudia: cha mradi wanapewa watu wote, hakina neno. Cha mtoto ni kuambiwa umezeeka.

Kwa hiyo mradi ulikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki, na nilijua jiko lile litashinda. Nimekulia ndani yake. Halina dirisha. Juu ya mafiga kuna dari ya miti ambako mahindi ya mbegu huning'inizwa ili moshi uyalinde na wadudu, na miti yenyewe imekuwa myeusi, inang'aa kama viatu vya askari. Nikiwa mtoto nilijifunza kuingia mle nimeinama, maana hewa ilikuwa chini. Tulipofunga kisanduku kwenye ukuta nilikichagulia msumari wa zamani wa baba, kwenye kimo alichosema mtaalamu, na nikaona kwamba ukuta mahali pale uliacha masizi kwenye kidole changu.

Mtaalamu alitoa maelezo yake. "Mama, ishi kama kawaida. Pika kama kawaida. Usikiguse, usikifunike, jifanye hakipo."

"Kitakaa siku ngapi?" mama akauliza.

"Siku tatu."

"Kinakula nini?"

"Kina betri, mama."

"Haya," akasema. "Karibu." Nilidhani anamwambia mtaalamu.

Siku ya nne tulirudi. Niliona vitu kadhaa na sikuviandika, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni aibu. Sakafu ya jiko ilikuwa imesilibwa upya kwa kinyesi cha ng'ombe. Mafiga yalikuwa yamefagiliwa majivu. Kigoda cha wageni, kile chenye miguu mitatu ambacho mtoto hakalii, kilikuwa kimewekwa chini kabisa ya kisanduku, kitupu. Namba ikatoka, nikaiandika, mama akapongezwa.

Ya jirani ilikuwa ya kwanza kwa moshi. Ilikuwa mbali na ya pili, kiasi kwamba mtaalamu alikagua kifaa akidhani kimeharibika. Jirani alipoambiwa kwamba ndiye anaongoza alipiga vigelegele.

Jioni ile nilirudi Sigino peke yangu. Nilimkuta mama anapepeta maharage uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesahau kitu?"

"Siku zile tatu, ulipika wapi?"

Aliendelea kupepeta. "Kwa jirani."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mgeni jikoni."

"Mgeni gani?"

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia na viatu vya tope. "Mlimleta ninyi. Mkamtundika ukutani, mkaondoka."

"Mama, ile ni mashine."

"Ina taa. Inakonyeza."

"Mtaalamu alisema uishi kama kawaida."

"Na kawaida yangu ni ipi? Umewahi kuona mimi namkalisha mgeni kwenye moshi? Baba yako mkubwa akija namweka upande gani?"

"Upande wa mlango."

"Na moto nafanyaje?"

"Unautoa nje."

"Basi. Huyu mlimfunga kwenye msumari, hawezi kuhamia upande wa mlango. Ningefanyaje, nimfukize siku tatu?"

Sauti ya jirani ikatoka nyuma ya mnyaa. "Mwambie! Mwanaume mzima kazi yake kukaa jikoni kwa wanawake, ananusa!"

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, bwana hewa. Umeniletea bomba langu?"

Nilimuuliza naye kama kisanduku chake alikihesabu kuwa mgeni. Alisema hapana, yeye aliambiwa ni mashine akaelewa ni mashine. Ndiyo maana mama alipomwomba nafasi ya kupikia alimkubalia. Walipika kwake vyote: ugali wa nyumba mbili, maharage ya nyumba mbili, na maji ya kuoga. Na vibuyu, akaongeza.

Vibuyu ni jambo la kueleza. Mama anauza mtindi. Anatunza vibuyu vyake kama watu wa kwetu kutoka Mbulu walivyovitunza zamani: anaviosha, anaingiza ndani kijinga cha mzeituni pori kinachowaka, anatikisa, moshi unajaa kibuyu na kuvuja kwa mdomo, halafu anakung'uta makaa na kusugua. Mtindi unaotoka humo una harufu ya moshi, na kuna watu wanatoka Nakwa kwa ajili ya harufu hiyo. Kazi hii huifanya akiwa amekumbatia kibuyu, uso ukiwa karibu na mdomo wake, ili ajue kama moshi umetosha. Katika siku zile tatu vibuyu vyote sita vilifukiziwa kwa jirani, chini ya kisanduku cha jirani.

Kwa kifupi, moshi wa mama ulipimwa. Uliandikwa kwenye mstari wa sita badala ya wa tano.

Nililala na habari hiyo, na asubuhi nikaipeleka kwa mtaalamu. Nilimpangia maneno kama taarifa: nani, wapi, lini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nibadilishe namba ya mama yako," akasema.

"Nataka ujue kwamba si ya jiko lake."

"Ni ya jiko lake. Kisanduku kilikuwa jikoni kwake."

"Lakini moto haukuwashwa."

"Hilo fomu haiulizi." Aligeuza fomu kunionyesha, na kweli haikuuliza. "Nikibadilisha ya mama wa mkusanya takwimu, wale kumi na mmoja watasema nini? Na wao watataka kueleza."

"Daktari amesema kifua chake kina tatizo."

"Naamini. Lakini kifua hakipo kwenye fomu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, na aliponiona sijaondoka aliongeza kwamba jiko la jirani litapimwa tena baada ya kujengwa, kuona kama bomba linafanya kazi, na kwamba anaweza kuweka kisanduku kimoja cha akiba kwa mama wiki hiyo hiyo, kwa ajili ya kulinganisha. Namba ikiwa kubwa, ataandika barua ya kumwingiza mama mwanzoni kabisa mwa awamu ya pili. Nilimshukuru. Nilimwomba safari hii amwambie mwenyewe mama kwamba kisanduku si mgeni. Akasema ataangalia namna ya kuliweka hilo katika maelekezo.

Jiko la jirani lilijengwa kwa siku nne. Lilikuwa zuri, siwezi kusema vingine. Bomba lilitoka juu ya bati na kofia yake, na moshi ukawa unaonekana kutoka barabarani ukipanda juu badala ya kuchuja kupitia paa kama zamani. Watu walikuja kutazama. Jirani aliwakaribisha wote na aliwaambia wote neno lile lile: jiko letu. Mara ya kwanza nilifikiri anazungumza kwa heshima. Kisha nikamsikia akimwambia mama mbele ya fundi, "Dada, hili tumelipata kwa kuni zako na zangu. Mimi nipike ndani yake, wewe ukae unafuka huko kwako, nitalala?"

Mama alikataa siku mbili, kwa adabu. Siku ya tatu alivuka mnyaa na sufuria yake.

Siku ya tano tukafunga visanduku.

Mtaalamu alimwambia mama, taratibu, akitumia mikono yote miwili, kwamba hiki ni kifaa, hakioni, hakisikii, hakina haja ya heshima, na kwamba afanye yote anayoyafanya kila siku bila kubadilisha hata kimoja.

"Bila kubadilisha," mama akarudia.

"Hata kimoja."

"Nimeelewa, mwanangu. Na kigoda nitoe?"

"Toa tu, mama."

Akatii kwa asilimia mia. Siku saba aliishi kama anavyoishi siku hizi, yaani alipikia kwa jirani. Sikuweza kumwambia awashe moto kwake. Nilifika mara mbili nikiwa na nia hiyo. Mara ya kwanza nilimkuta amekaa mbele ya jiko la bomba, mgongo umenyooka, anageuza ugali bila kufumba macho, na nikaona kwamba sijawahi kumwona akigeuza ugali macho yakiwa wazi. Nilikunywa chai nikaondoka. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye mnyaa, na nikawa nimeshatunga sentensi: mama, kwa siku mbili tu, pikia kwako, uvute moshi kidogo, ili upate jiko la kukuepusha na moshi. Niliisoma kichwani kwa sauti ya redio. Nikageuza pikipiki.

Matokeo yalikuja kama mchoro. Mstari wa mama ulikuwa chini, umelala, siku zote saba, isipokuwa kila baada ya siku moja, kama saa nne asubuhi, uliruka ghafla hadi juu ya ukingo wa karatasi na kurudi chini ndani ya muda wa kuosha vyombo. Mtaalamu aliweka kidole juu ya mruko mmoja.

"Hapa walichoma nini?"

"Vibuyu."

Nilimweleza. Jiko la jirani lina mdomo mdogo, vijinga vyake havitoki vizima, na jirani mwenyewe hapendi majivu ya mzeituni kwenye sakafu yake mpya. Kwa hiyo mama huwasha moto mdogo kwake, kwenye mafiga yale yale, kwa ajili ya vibuyu tu. Siku moja ndiyo, moja hapana.

Alitafuta kwenye fomu. Palikuwa na kupikia, kuchemsha maji, kupasha joto nyumba, kuchoma taka, na mengineyo. "Mengineyo," akasema. "Lakini mengineyo hayaingii kwenye wastani. Na hata yangeingia, jiko la bomba lisingeyaondoa. Moshi wa kibuyu hautoki jikoni. Unatoka kwenye kibuyu."

"Uso wake unakuwa hapa," nikasema, nikamwonyesha kwa viganja viwili.

Alitazama viganja vyangu. Kisha akasoma matokeo kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Jiko la jirani: moshi umepungua sana, bomba linafanya kazi. Jiko la mama: safi, halina sifa za awamu ya pili. Akaongeza chini, kwa mkono wake, katika nafasi ya maoni: *wasiliana na daktari kuhusu vibuyu*. Nilimpelekea daktari. Daktari alisoma, akauliza vibuyu vya nini, nikamweleza, akasema amewahi kunywa huo mtindi, ni mzuri, na mama aache mara moja.

Mama aliposikia alisema mtindi wa chupa ya plastiki anaweza kutengeneza mtu yeyote. Kesho yake ilikuwa siku ya vibuyu, na alivifukiza.

Kwa hiyo hesabu imebaki hivi. Kwa upande mmoja, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mama hapikii tena ndani ya moshi. Kwa upande mwingine kuna vibuyu sita, kila baada ya siku moja, uso kwa mdomo. Upi unashinda, kisanduku hakiwezi kusema, na kimerudishwa ofisini. Niliamua kupima mwenyewe kwa kifaa nilichonacho. Nilianza kuhesabu kikohozi. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa kwake saa tatu nzima, daftari juu ya goti, na kila akikohoa nilichora mstari. Wiki ya kwanza mistari ilijaa nusu ya ukurasa. Wiki ya pili ilipungua. Ya tatu ilikuwa saba. Niliandika saba nikaizungushia duara, na nikampigia mke wangu simu kabla sijatoka uani.

Jirani alinifuata mpaka kwenye pikipiki.

"Unaandika nini kila Jumapili?"

"Nahesabu anavyokohoa."

"Ahaa." Alicheka mpaka akashika bega langu. "Ndiyo maana. Mimi nashangaa, kila ukija anaweka kitambaa mdomoni, anameza, macho yanamtoka. Nikamuuliza, dada, una nini? Akasema, mtoto amekuja na daftari lake, nisimsumbue."

"Na nikiondoka?"

"Ukiondoka anakohoa. Sasa kama ni kile cha zamani au ni kile ulichomzuilia, mimi nitajuaje? Wewe ndiye bwana hewa."

Jumapili iliyofuata niliacha daftari Bagara. Nilikaa saa tatu zile zile, nikanywa mtindi, tukazungumza juu ya mahindi. Hakukohoa hata mara moja. Nilipotoka alinisindikiza hadi mwisho wa mnyaa, akanipa chupa ya mtindi ya watoto, akasimama akinipungia mpaka nilipoingia barabarani. Baada ya kona nilizima injini, nikavua kofia ngumu, nikasikiliza.

Nilisikia mtu anakohoa, kwa muda mrefu. Lakini kutoka pale barabarani nyumba ni mbili, na jirani naye amepikia kuni miaka ile ile.